Bilauri ya Zambarau

Ersilia Montecchi alikuwa na kisukari tangu usichana wake, na kwa miaka yote aliyoimba opera, jumba hadi jumba, hakuna mtu wa kazini aliyejua isipokuwa Desolina, mama mtu mzima aliyemvisha magauni na kumfunga vishikizo mgongoni. Sindano zake alijipigia chooni. Akiulizwa kwa nini anabeba sukari mkobani, husema ni ya farasi wa mjomba wake. Mjomba mwenyewe hakuwahi hata kumiliki punda.

Usimcheke, alikuwa na sababu. Mkurugenzi wa jumba la opera alikoimba msimu ule, Bwana Zambonini, alikuwa mtu wa kukupa maua leo na kukufungia mlango kesho. Mwaka uliotangulia alimfukuza mwanamke mmoja mwenye sauti nzito, tamu kama nini, kisa pumu. "Mimi nanunua sauti," alisema mbele ya watu, huku anapaka siagi mkate wake, "sinunui wagonjwa." Basi Jumapili ya kanivali, sherehe za kula na kunywa kabla ya Kwaresima, muda mfupi kabla ya onyesho la mchana, Zambonini alikuwa amemwambia Ersilia waziwazi: imba vizuri leo, na msimu ujao wote ni wako. Hakumaliza sentensi ya upande wa pili, wala haikuhitaji kumaliziwa. Mwimbaji wa miaka arobaini na mitatu akimwaga unga pale, hakuna jumba lingine la kumwokota.

Halafu kulikuwa na watu wa darini.

Hawa ndio walioogopwa hasa. Matajiri walikaa chini kwenye viti vya mahameli na wakasinzia kwa amani. Lakini kule juu kabisa, chini ya dari, kwenye mabenchi ya mbao, walikaa wauza nyama, washona viatu, watengeneza jibini na wake zao, na hao walijua kila neno na kila noti kuliko wanavyojua majina ya wajukuu wao. Ukiwafurahisha, wanakudai urudie wimbo, na kwa desturi ya pale lazima urudie. Ukiwaudhi, hawaanzi na matusi. Kwanza wananyamaza. Kisha mtu mmoja anapiga mluzi, mmoja tu, mrefu, na hapo jua habari yako imekwisha. Kuna mwanamume aliyezomewa pale mpaka akakimbilia kituo cha treni na ndevu za bandia bado ziko kidevuni. Ersilia alimjua. Siku hizi anauza vyerehani.

Mapumziko ya pili, Desolina alimkuta amekaa mbele ya kioo, mikono ameikalia ili isionekane inatetemeka.

"Umeanza?" Desolina aliuliza.

"Kidogo."

"Kidogo! Hebu nione." Akaivuta mikono kutoka chini ya mapaja. "Mchana umekula nini wewe?"

"Nilikula."

"Tambi mbili za tortelli zilizojazwa malenge ndiyo kula? Umejidunga sindano ya kushusha sukari ya mtu aliyekula sahani nzima, halafu unadonoa kama kifaranga! Paka wangu anakushinda."

"Haipiti, Desolina. Nikifikiria darini, chakula hakipiti."

Desolina akamtia mdomoni vipande vya sukari vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, anavihesabu kwa manung'uniko. Vilikuwa vitatu na vikaisha. Kwenye gauni la kitendo cha kwanza cha mchezo alikuwa amemshonea kijifuko ndani ya mkono, lakini gauni la kitendo cha tatu lilikuwa jembamba, mabega wazi, halina pa kuficha hata punje ya mchele. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza walikuwa na ujanja wao. Katika kitendo hicho malkia mfungwa huinua bilauri mbele ya maadui zake na kunywa, kisha huimba wimbo wake mkubwa wa mwisho. Desolina hujaza juisi ya pichi kwenye bilauri hiyo, basi malkia anakunywa mbele ya umma mzima na hakuna anayeshtuka.

"Sasa leo maduka yamefungwa," Desolina alisema, anamfunga vishikizo. "Pichi hakuna. Nimekuwekea ya zabibu, ile ninayoichemsha mwenyewe nyumbani, nzito mpaka kijiko kinasimama. Iko mezani jukwaani, nimeiweka kwa mkono wangu. Yule kijana Gaspare akimaliza wimbo wake tu, unakunywa. Utafika?"

"Nitafika."

"Jikaze, mwanangu. Wimbo mmoja tu."

Pazia lilipofunguka Ersilia alikuwa kitini pake, mbele kabisa ya jukwaa, mnyororo wa karatasi ngumu miguuni. Hatua chache kutoka miguuni pake, kwenye ukingo, kilikuwa kile kisanduku cha mbao ambamo hukaa Fosco, mnong'onezaji. Watazamaji hawamwoni. Wanaoimba wanamwona kuanzia kifuani kwenda juu, kipara na miwani, kitabu mbele yake, akiwarushia kila mmoja maneno ya kwanza ya mstari wake kabla hajayasahau. Fosco alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Alimkonyeza. Ersilia naye akamkonyeza, na kope zikawa nzito kufunguka tena.

Gaspare Lusardi akapiga magoti mbele yake na kuanza kuimba. Kijana wa watu, miaka ishirini na tisa, mtoto wa mwuza nyama wa mtaa wa nyuma ya jumba lenyewe, na baba yake yuko darini na ukoo mzima. Na aliimba, haki ya Mungu aliimba. Ersilia alikuwa anasikia sauti ile na kuichukia, kwa sababu alijua inakompeleka. Kijasho chembamba kikamtoka nyuma ya shingo. Midomo ikaanza kufa ganzi, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino. Alikazia macho bilauri kule mezani, ng'ambo ya jukwaa. Taa zilimwakia usoni, hakuona vizuri. Akajiambia, bado mistari minne. Bado mitatu.

Gaspare akamaliza. Darini kukalipuka.

"Rudiaaa! Gaspare wetu! Rudia!"

Kiongozi wa okestra akainua macho juu, akatabasamu, akafungua kurasa nyuma. Ersilia hakuwa amelifikiria hilo. Miezi miwili ya mazoezi, yeye na Desolina walipanga kila kitu, na hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba kijana yule anaweza kuimba vizuri kupita kiasi.

Gaspare alirudia, na mara ya pili akaimba polepole zaidi, analamba kila neno. Akaushika mkono wa malkia, kama mchezo unavyotaka, na katikati ya mstari Ersilia aliona nyusi zake zinapanda. Okestra ilipopiga peke yake kidogo, akainama kama anaubusu mkono.

"Dada Ersilia, mbona mkono barafu? Umelowa!"

"Wakikuomba tena, kataa."

"Nini?"

"Kataa, nakuomba. Sijisikii vizuri."

Alimtazama kwa macho ya mtoto aliyenyang'anywa pipi. Kisha akaendelea kuimba, na Ersilia akaona hajasikia, au amesikia na hataki. Ni nani angetaka? Mji wake mwenyewe, siku ya kanivali, baba yake juu kule analia kwenye kofia.

Nguvu zilikuwa zinamtoka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Alijua hatua za sukari kushuka, maana aliwahi kuzipitia peke yake kwenye vyumba vya hoteli, sakafuni, anatambaa kutafuta mkoba. Kwanza ganzi. Halafu jasho. Halafu hofu, hofu isiyo na jina, inayokuja yenyewe mwilini hata kama hakuna la kuogopa, na leo lilikuwepo. Halafu akili inaanza kuteleza. Baada ya hapo hajui kuna nini, maana kila mara aliwahi sukari kabla ya kufika huko. Dada yake mdogo, mwenye ugonjwa huohuo, hakuiwahi. Walimkuta asubuhi amelala vizuri tu, blanketi mpaka kidevuni.

Wimbo ukaisha. Darini wakasimama juu ya mabenchi.

"Ya tatu! Ya tatu, Gaspare!"

"We! Kwani una haraka ya kwenda wapi? Rudia!"

"Kataa," Ersilia alisema, safari hii kwa sauti, na kelele zikaimeza.

Gaspare alipiga magoti tena.

Hapo Ersilia akapiga moyo konde. Akainuka kitini, kitu ambacho malkia hakupaswa kufanya, akaelekea mezani. Miguu haikuwa yake. Aliinyanyua mmoja baada ya mwingine kama mtu anayetembea kwenye matope, na mnyororo wa karatasi ukakatika, akauacha hapo. Waimbaji waliovaa mavazi ya askari wakampisha, macho kodo. Katika kijichumba cha watazamaji wa heshima, ubavuni mwa jukwaa, Bwana Zambonini alikuwa ameegemea ukingo, kidevu juu ya ngumi, na hakuwa anamtazama Gaspare. Alikuwa anamtazama yeye. Acha atazame, Ersilia aliwaza. Nitakunywa, nitageuka, nitasema malkia alikuwa na kiu.

Akaishika bilauri kwa mikono miwili. Akanywa yote bila kupumua.

Ilikuwa chai. Chai baridi, chungu, isiyo na hata chembe ya sukari.

Alisimama ameishikilia, anaitazama ndani, kana kwamba zabibu zimejificha chini. Alitazama meza. Sahani za udongo, kuku wa plasta, matunda ya nta. Hakukuwa na kitu kingine cha kunywa. Akageuka, akarudi kitini kwa sababu kiti ndicho alichokijua, lakini hakukifikia. Aliporomoka mbele ya kisanduku cha Fosco, akakaa chini, gauni limemtandaa pande zote. Gaspare, fundi, akageuka na kumwimbia hapo alipo, na darini wakaguna kwa kuridhika. Walidhani ni sehemu ya mchezo.

"Nani kagusa bilauri?" Ersilia alinong'ona.

Fosco akatabasamu, anajivunia. "Mimi. Nimekuokoa, rafiki yangu. Nilipita hapo kabla ya pazia nikaona zambarau tupu! Kwenye bilauri ya kioo, katikati ya jukwaa, siku kama ya leo! Nikamwambia mtunza vifaa mwaga upesi, weka chai. Sijui ni mjinga gani aliiweka."

Zambarau. Ersilia alitaka kucheka ila mdomo haukutii. Kweli, ni nani asiyejua? Zambarau haiingii jukwaani. Ndiyo rangi ya mapadri wakati wa Kwaresima, na zamani Kwaresima ikifika majumba yote yalifungwa na waigizaji walilala njaa mpaka Pasaka. Tangu hapo ni mkosi mtupu, hakuna anayethubutu kuivaa hata soksi. Yeye mwenyewe aliwahi kumrudisha nyumbani mwandishi wa gazeti kwa sababu ya tai. Na Desolina naye, miaka yote kwenye kazi hii, alichemsha zabibu zake na asifikiri rangi, maana alikuwa anafikiri sukari. Na Fosco alimwaga, maana hakuna aliyewahi kumwambia kitu. Angemwambia neno moja tu, mwaka wowote, Fosco angeilinda bilauri ile kwa meno.

"Fosco. Una chochote kitamu humo?"

"Kitamu?"

"Peremende. Sukari. Chochote."

Fosco akamwona vizuri sasa. Tabasamu likamtoka. "Nina maji na kitabu. Ersilia, una nini? Umekuwa mweupe kama nta."

"Mwite Desolina."

"Nitamwitaje? Niko shimoni, mwanamke, nikipiga kelele wote watasikia! Na zamu yako inakuja, ndiyo hii inakuja!"

Ilikuwa inakuja. Gaspare alimaliza, makofi yakaporomoka, yakaisha, na okestra ikaingia kwenye muziki wake yeye, ule anaouimba akiwa usingizini. Fosco akamrushia maneno ya kwanza. Ersilia aliyasikia yakipita. Yalikuwa maneno mazuri, aliyafahamu mahali fulani. Fosco akayarudia, kwa nguvu, midomo inavutika. Okestra ikapita pale alipotakiwa kuingia, kiongozi akapunga mkono, wakarudi nyuma, wakapita tena. Ala zikanyamaza moja moja. Filimbi ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Kimya.

Hakuna kimya kama kile. Jumba zima, kuanzia mahameli mpaka mabenchi, linapumua kwa pua. Ersilia alikaa sakafuni katikati yake na moyo unamwenda mbio mpaka anausikia masikioni. Alitazama mlango wa pembeni. Ulikuwa mbali kama mji mwingine. Desolina alikuwa amesimama pale, mikono mdomoni, anamzuia mtu wa pazia, kisha anamsukuma, hajui afanye lipi. Ukishusha pazia katikati ya kitendo umemzika mwimbaji, na Desolina alijua hilo kuliko mtu yeyote.

Ndipo mluzi ukatoka darini. Mmoja, mrefu.

Ersilia akainua macho kwa Zambonini. Alikuwa ameondoa kidevu juu ya ngumi. Msimu ujao wote, pale, umekaa kwenye kiti cha mahameli unamsubiri aseme kitu. Angeweza kujiangusha tu. Angesema baadaye ni joto, ni gauni, ni hedhi, waimbaji huzirai kila siku na wanasamehewa. Lakini akizirai watambeba, watamlaza kwenye kochi, watamfungua vishikizo na kumpepea, na kila mtu atamtafutia chumvi ya kunusa ya kumzindua wakati yeye anazama. Usingizi ulishaanza kumvuta, mtamu, wa blanketi mpaka kidevuni. Huo ndio uliomtisha kuliko mluzi, kuliko Zambonini, kuliko wote.

"Jamani," alisema.

Hakuimba. Alisema kwa sauti yake ya nyumbani, nyembamba, ya mtoto wa bonde lile lile ulipo mji huo. Jumba lile limejengwa hivi kwamba hata mtu akikuna shavu jukwaani darini wanasikia.

"Jamani, nina kisukari. Sukari yangu imeshuka. Nipeni sukari, nakufa."

Mahali fulani chini mtu alikohoa. Ersilia alifumba macho. Imekwisha, aliwaza, nimesema, na hawajafanya kitu.

Kitu kikagonga mbao karibu na goti lake. Akajikunyata, akafunika kichwa kwa mikono. Alizisikia hadithi za zamani, kwamba walikuwa wanarusha viazi, wanarusha sarafu zilizopashwa moto. Kingine kikagonga. Kingine kikampiga begani, kidogo, hakikuuma. Akafungua jicho moja. Ilikuwa peremende, imefungwa kwenye karatasi ya njano.

"Kula hiyo, mama!" mwanamke alipiga kelele kule juu. "Ya asali hiyo! Itafune, usiimung'unye!"

"Wewe Bice, umemrushia ya mnanaa, ya mnanaa itamsaidia nini?"

"Nyamaza, ina sukari vilevile!"

"Nani ana chokoleti? Watoto, toeni hizo chokoleti, kanivali imekwisha kwenu!"

Zikaja. Zilipita juu ya vichwa vya matajiri, nyingine zikawaangukia, wakazirusha mbele bila kujua wanafanya nini. Peremende, tofi, lozi za sukari, kipande cha keki kilichofungwa leso. Ziligonga mbao kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ersilia alinyoosha mkono akashika moja, ikamponyoka, akashika tena. Vidole havikukunjika. Akaitia mdomoni na karatasi yake.

"We Gaspare!" Hiyo ilikuwa sauti ya mwuza nyama mwenyewe, nzito, imepasuka kwa kilio. "Umesimama kama nguzo ya taa! Mwokotee dada yako!"

Gaspare akashtuka kama aliyeamshwa. Akajitupa chini na joho lake la kifalme, anakusanya peremende kwa viganja, anazimenya kwa meno, anamlisha. Fosco alikuwa ametoka nusu nje ya kisanduku, mkono umenyooshwa anazikamata zinazobingirika, miwani imepinda, machozi na makamasi vinamtiririka.

"Ningejuaje?" alikuwa anasema. "Ersilia, ningejuaje mimi?"

"Usingejua," alisema. Alikuwa anatafuna. Tofi ilimnata kwenye meno, utamu ukashuka kooni, na hofu ile ya mwilini bado ilikuwepo, imekaa kifuani kama mtu mzito. Huchukua muda. Angelazimika kukaa hapo, malkia sakafuni, mbele ya umma mzima, na kungoja kuona kama atabaki upande huu. Mikono ilimtetemeka mbele ya macho yao na hakuwa na pa kuikalia. Kule juu hakuna aliyepiga mluzi.

Akainua uso. Katika kijichumba cha pembeni Bwana Zambonini alikuwa amesimama. Alivaa koti lake taratibu, mkono mmoja, halafu mwingine, akafunga vifungo. Hakumtazama. Akafungua mlango mdogo wa nyuma, akatoka, na mlango ukajifunga wenyewe.

"Ersilia," Fosco alinong'ona. "Mkurugenzi ametoka."

"Nimemwona," alisema, mdomo umejaa, akamnyooshea peremende nyingine. "Nifungulie hii. Vidole bado havinitii."